Mgeni Haambiwi Hakuna

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja alinitumia ujumbe wa sauti, analalamika. Ni kijana anayetembeza watalii huko Arusha. Mimi nipo hapa Old Korogwe, nakaa kibarazani na simu yangu, nawafundisha yeye na wenzake Kihispania ili wageni wa lugha hiyo wakishuka wasibaki wanachekeana tu. "Mwalimu," alisema, "ulituambia maji ni el agua. Sasa mtu akiniuliza kama maji yapo, unasema nimjibu la hay. Hiyo la imetoka wapi? Si ulisema el?" Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu akimimina maji kwenye dumu, ule mlio unaopanda kadiri dumu linavyojaa.

Jibu la kitabuni ninalo. Agua ni neno la kike, hiyo el imeazimwa tu ili ulimi usikwame. Neno lenyewe likishaondoka na kuacha kineno cha kulishikia nafasi, kineno hicho kinarudi kwenye ukike wake. Nimelisema jibu hilo mara nyingi mpaka limechuja. Siku ile sikulisema. Nilikaa na simu mkononi, na pua ikaniletea harufu ya dumu la njano lililopigwa na jua, lenye ukungu kidogo ndani. Wewe uliyelelewa bara kavu na dumu kichwani huhitaji kuelezwa harufu hiyo. Nikawa nimerudi Handeni, kwa Bibi.

Bibi huyu ni mama wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Mama alikuwa Korogwe mjini, akipika wali na maharage stendi ya mabasi, na chumba alichopanga kilitosha masufuria na yeye mwenyewe. Kwa Bibi palikuwa kitongojini, ndani kabisa ya Handeni. Siku hizi unapanda bodaboda kutoka mjini. Wakati ule ulitembea, na ukifika umefika. Bibi alikuwa mfupi, ana magoti mabovu na ulimi mzima. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, ingawa huyo mume wetu alifariki kabla sijazaliwa. Nikichelewa kuamka angesimama mlangoni na kuniuliza, "Mke mwenzangu, mume wetu kakuachia nini wewe hata unalala hivyo? Maana mimi kaniachia jembe."

Katika nyumba ile kulikuwa na neno lisilotamkwa, nalo ni hakuna. Chumvi ikiisha, Bibi alisema imesafiri. Mafuta ya taa yakiisha, yamekwenda kusalimia. Kwa watu wa nyumbani huo ulikuwa utani, lakini mgeni akija haukuwa utani tena. "Mgeni aliyekula ugali wako haambiwi hakuna," alinifundisha. "Ukimwambia hivyo umemfukuza, hata kama hujanyoosha mkono kumwonyesha njia." Kwa hiyo mgeni akiomba sukari, sukari ipo, na mimi napitia mlango wa nyuma mbio kwa jirani. Majirani nao walifanya hivyo hivyo wakipata wageni wao. Hakuna aliyeshangaa kuona mtoto anatokea uani na kikombe kitupu.

Mimi kwa akili yangu ya kitoto nililielewa jambo hili vingine kabisa. Nilidhani vitu vina masikio. Ukisema chumvi hakuna, chumvi inasikia, inaona imetukanwa, inahamia kwa watu wengine. Ndiyo maana Bibi anaidanganya kwamba imesafiri, ili itamani kurudi. Na kwa upande wa maji niliamini zaidi, kwa sababu maji yetu yalikuwa na tabia ya kuondoka.

Tuliyapata korongoni, kwenye mto uliokuwa mto wakati wa masika tu. Kiangazi wanawake walifukua mchanga mpaka shimo linammeza mtu kiunoni, halafu wakakaa kungoja maji yachuruzike chini, wakachota kwa kata, kidogo kidogo, kila mtu kwa zamu yake. Bibi alikuwa hawezi tena kushuka lile korongo na kupanda na mzigo. Nilikwenda mimi, na wanawake wa jirani, Bibi akiwa bado kwenye mkeka wake wa sala ya alfajiri. Nikirudi ndipo nioshe uso, nivae sare, nikimbilie shule. Nilifika wenzangu wameshafunga madaftari ya hesabu. Mwalimu alinichapa mwanzoni, kisha akachoka, na kule kuchoka kwake kuliniuma kuliko fimbo.

Likizo moja nilipelekwa Korogwe kumsalimia mama. Wenyeji wa pale wanajua, mto Pangani unapita tu hapo, hauna habari na mtu. Nilimwona mama akiinua beseni zima la maji ya kusuuzia vyombo, maji bado meupe, akayamwaga mtaroni. Nililia mpaka wateja wakaacha kula. Mama alidhani nimeungua.

Nadhani siku ile ndiyo iliyompa mawazo. Baada ya hapo alikuja Handeni siku ya gulio, akaketi kwenye kigoda mbele ya Bibi, akasema bila kuzunguka, "Shikamoo mama. Nimekuja kwa jambo la mtoto. Huyu hasomi, anasomba. Mavuno yakiisha namchukua akasome Korogwe, nitambana hapo hapo chumbani."

"Marahaba," alisema Bibi. "Mchukue. Mtoto ni wako."

"Na wewe mama tutakutafutia mtu wa kukuletea maji."

"Yapo maji," alisema Bibi.

Kisha akaingia jikoni, akakaa humo muda mrefu na moto haukuwa umewashwa. Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote, nalisema hivyo hivyo lilivyo. Nilimpenda na nilijua hesabu yake, ingawa ile ya shuleni ilinipita. Mtu wa kumletea maji hakuwepo. Kila nyumba ilikuwa na shida yake kichwani. Nikienda Korogwe mimi nitakuwa na maji ya kumwaga, na Bibi atashuka korongo kwa magoti yale.

Katika majuma hayo hayo ndipo alipokuja Mhispania mmoja.

Aliletwa na mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, nywele fupi, ngozi imebabuka puani kwa jua, na kazi yake ilikuwa kutafuta mahali pa kuchimba kisima kirefu. Kisima kilikuwa kimoja na vitongoji viwili: chetu, na cha ng'ambo ya mlima. Aje, aone, apime, aseme kiende wapi. Akakosa pa kulala, na Bibi alikuwa na chumba kitupu cha mjomba wangu aliyekuwa kwenye mashamba ya katani. Hivyo akawa mgeni wetu. Jina lake lilikuwa Pilar. Bibi alilijaribu mdomoni mara moja, akalikata.

"Pili," alisema. "Wa kwanza wenu yuko wapi?"

Mgeni alikuwa amejifunza Kiswahili Dar es Salaam, kile cha polepole, kila neno limepigwa pasi. Akajibu kwamba anaye kaka mkubwa kwao.

"Basi mbona umeficha? Wewe ni Pili kweli. Karibu mwanangu."

Tangu siku hiyo mtungi wetu haukupungua. Kitongoji kizima kilijua kuna mgeni, na mgeni wa Bibi ni wa watu wote. Nilisomba zaidi, na majirani wakapita uani na ndoo kabla hajaamka. Pili aliwekewa maji ya kuoga asubuhi, akawekewa tena jioni, ya moto, ndoo imejaa mpaka ukingoni. Bibi alichukua udhu kwa maji ya kikopo kimoja na kikopo hakikuisha. Sisi wengine wote wa uani kwetu tulioga kwa kile kilichobaki chini ya sufuria, na tulijiona tumefanya vizuri, maana mgeni alikuwa ananukia sabuni.

Pili, kwa kuwa ndiyo kazi yake, aliuliza. "Mama, maji yapo hapa?"

"Yapo, mwanangu."

"Yako mbali?"

"Hapo tu."

Akamuuliza mwenyekiti, aliyekuwa amekaa nasi akila mlenda. Mwenyekiti aliramba vidole, akasema, "Yapo, tunashukuru Mungu." Akawauliza wanawake waliokuja kumwona. Yapo. Hapo tu, nyuma ya hivyo vichaka. Ungewauliza watu hao hao mbele ya mkuu wa wilaya, wangemlilia mpaka kesho. Lakini huyu alikuwa ameshakula nao na analala chini ya bati letu. Ng'ambo ya mlima mambo yalikuwa tofauti. Kule alikwenda mchana na vyombo vyake vya kupimia, akarudi jioni. Kule hakuwa mgeni wa mtu, alikuwa mtu wa kisima, na watu wa kisima huambiwa ukweli wote na chumvi juu yake.

Jioni, nikipukuchua mahindi, alikaa karibu yangu akapukuchua naye, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kimechoka kwa siku nzima, akawa ananifundisha lugha yake. Neno la kwanza lilikuwa hay. Wao wanaliandika hivyo na kulitamka "ai", na mimi siku ya kwanza nilidhani ameumwa na siafu. Alinyooshea kidole gunzi, akasema, "¿Hay maíz?" Nikaruka kutazama miguuni kwake. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Taratibu nikaelewa kwamba anauliza kama kipo. Mahindi, lo hay. Chumvi, la hay. Mayai, los hay. Kuku, las hay. Nilipenda mchezo huo kupita kiasi. Kwetu ukiulizwa mahindi unasema yapo, ukiulizwa chumvi unasema ipo, ukiulizwa kuku unasema wapo. Kitu chenyewe hakitajwi tena lakini kimeacha alama yake ndani ya jibu. Na wao walikuwa na hivyo hivyo, ila hay yenyewe ilibaki pale pale haigeuki, na ile alama ikakaa mbele yake. Sikuwa na maneno ya kulieleza hilo. Nililisikia tu, nikafurahi kwamba watu wa mbali namna hiyo nao hawapendi kuacha kitu kikasahaulika katikati ya swali na jibu. Kijana wa Arusha nilimjibu hivyo kesho yake, na la kitabuni nikaliongeza mwishoni.

Kila jioni mchezo uliishia mtungini. Pili aligonga ubavu wa mtungi kwa kucha, "¿Hay agua?" na mimi nikaitika kwa sauti ya darasani, "La hay!" Bibi alipiga makofi bila kujua ninachosema. Alijua tu kwamba mke mwenzie anasoma.

Siku ya kuaga ikafika. Tulimchinjia jogoo. Mwenyekiti alikuja, Bibi akavaa khanga mpya, na Pili, baada ya kula, akanawa mikono akasema kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi, "Kesho nakwenda Handeni mjini. Nitasema kisima kiende ng'ambo ya mlima. Kule maji hakuna kabisa. Hapa yapo, na nyinyi ni watu wazuri, najua mtafurahi kwa ajili yao."

Mwenyekiti alikohoa. Nilimtazama, nikamtazama Bibi. Nilikuwa na hakika mmoja wao atasema. Mwenyekiti akasema, "Ni vizuri." Bibi akasema, "Alhamdulillahi. Wenzetu wana shida kweli," akamsogezea mgeni paja la kuku. Lakini mkono wake ulibaki kwenye sahani kidogo, kana kwamba umesahau njia ya kurudi.

Hapo ndipo nilipoona kila kitu kwa mara moja. Kisima kinakwenda. Mavuno yanakaribia. Mama atakuja na begi. Nilitaka kupiga kelele, "Maji hakuna!" na neno halikutoka, kwanza kwa heshima, na pili, niseme kweli, kwa woga wa maji yenyewe. Mtungi ulikuwa pale pale, umejaa, unasikiliza.

Tulipobaki watatu, Pili akavuta ungo wa mahindi kwa mara ya mwisho. "¿Hay maíz?"

"Lo hay."

"¿Hay huevos?"

"Los hay."

Akagonga mtungi. "¿Hay agua?"

Nikafikiri upesi, fikra ya kitoto ambayo mpaka leo sioni kasoro yake. Maji yetu ni ya Kizigua. Kiswahili nacho yanakijua, kwa ajili ya shule na serikali. Lakini Kihispania maji ya korongoni atakuwa ameyafundisha nani?

"No la hay," nikasema.

Pili akatabasamu, akadhani nimekosea. "Sí, la hay," akanirekebisha, akagonga tena mtungi uliojaa.

"No la hay."

"Anasema nini Pili?" Bibi aliuliza kutoka kwenye mkeka wake.

"Ananifundisha tu, Bibi."

"Soma, soma."

Machozi yalikuwa yameshanitoka. Nikanyanyuka, nikachukua dumu langu pembeni, nikalishika mbele yake. Nilikuwa na neno moja jingine la kunisaidia, nalo alinifundisha yeye mwenyewe akiniaga kila jioni. "Mañana," nikasema, yaani kesho. Nikajigusa kifua, nikamgusa yeye mkono. Alinitazama, akalitazama dumu, akautazama mtungi kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Hakucheka tena.

Alfajiri nilimkuta ameshavaa viatu. Bibi alikuwa amesujudu. Tukapita nyuma yake kimya kimya. Tulitembea. Tulipita vichaka vya kwanza, tukapita vya pili, jua likachomoza, tukazidi kwenda. Mara mbili nilimsikia akianza kusema kitu na kuacha. Wanawake waliotutangulia korongoni walipomwona anateremka nyuma yangu walisimama wote pamoja mbele ya shimo, kana kwamba wamekutwa uchi.

"Hee!" alisema jirani yetu Mama Saidi. "Umemleta mgeni huku? Bibi yako anajua?"

Pili alichungulia juu ya mabega yao. Aliona shimo, na chini yake kata moja ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mwanamke amepiga magoti anangoja yaongezeke. Akageuka akatazama njia tuliyotoka. Kisha akawatazama wale wanawake mmoja mmoja.

"Hapo tu?" akasema.

Halafu Mama Saidi akaachia kicheko, na mwenzake akafuata, na wote wakacheka mpaka wengine wakakaa mchangani wakijifuta macho. "Hapo tu!" walirudishiana. "Mwanangu wee, hapo tu!" Pili naye alicheka, lakini alipopiga magoti kuchota zamu yetu niliona mashavu yake yamelowa, na hayakuwa maji ya korongo. Alikataa kusaidiwa. Ndoo ilimshinda kichwani, akaibeba kwa mkono huu, akahamishia mkono ule, nusu ikamwagikia sketi.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama mgeni, alinitazama mimi. "Umenivua nguo," aliniambia kwa Kizigua, kwa sauti ndogo sana. Niliona kwamba sasa hata mama hahitaji kuja, Bibi mwenyewe atanifungia mzigo wangu.

Pili akatua ndoo kati yetu. "Mama," alisema, na Kiswahili chake chote kilikuwa kimekunjamana, "mimi nimeoga. Asubuhi nimeoga. Jioni nimeoga. Maji yenu yale."

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza. Alitazama ndoo iliyobaki nusu, sketi iliyolowa, mchanga kwenye magoti. Nilimwona akigeuza jambo kichwani, akilijaribu upande huu na upande ule, mpaka likakaa.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema hatimaye. "Wewe mimi jembe sikukupa. Umelichukua mwenyewe. Mke mwenzangu, mletee kigoda."

Nikaleta. Pili akaketi, Bibi akaketi mbele yake, magoti yao yakigusana.

"Mgeni haambiwi," alisema Bibi. "Lakini wewe umeshajitwika ndoo ya nyumba hii, wewe ni mtoto wa hapa, na mtoto wa nyumba anaambiwa. Maji hakuna, mwanangu. Hakuna. Kiangazi kilichopita nilipoteza mbuzi wote. Huyu mtoto hasomi kwa ajili yangu. Mama yake anakuja kumchukua, na ana haki. Hakuna maji hapa, hakuna kabisa." Alilisema na kulirudia, na kila akilirudia mabega yake yalishuka kidogo. Sikuwahi kumsikia akilisema neno lile juu ya kitu cha nyumbani kwake. Nilikimbilia ndani, nikachungulia mtungini kwa hofu. Maji yalikuwepo, yametulia, na kata inaelea juu.

Pili hakuondoka siku hiyo. Alikaa tena, akapima upya, akawakalisha wenyeviti wote wawili pamoja, na palikuwa na maneno, maana watu wa ng'ambo waliona tumewapokonya tonge mdomoni. Mwishowe walikubaliana kisima kiwe begani mwa mlima, karibu na shule, ambako sisi tunafika na wao wanafika. Mtambo wa kuchimba ulikuja tunapovuna. Shimo la kwanza lilitoa vumbi, watu wakarudi nyumbani hawasemezani. Bibi hakwenda kutazama. "Nikienda yataona haya," alisema, akaendelea kupepeta. La pili lilitoa tope, kisha maji, na tulisikia vigelegele vya shule mpaka uani kwetu. Pili alipanda gari lake siku ile, amelowa na ana tope mpaka nyusi, akaniachia kamusi yake iliyochanika jalada. Bibi alimfungia kuku.

Mama alikuja mavuno yalipokwisha, kama alivyosema. Alikuja asubuhi, mimi sipo, nikiwa nimekaa dawati la mbele, nimewahi hesabu. Katikati ya somo niliona kilemba ninachokifahamu kimesimama nje ya dirisha, na mkononi ana begi tupu lililokunjwa. Nilishika kalamu kwa nguvu nikangoja aniite. Hakuniita. Nilipoinua tena macho dirisha lilikuwa na mwanga tu.

Niliporudi mchana Bibi alikuwa kibarazani anasuka mkeka, peke yake.

"Mama yako kaja kukuchukua," alisema bila kuinua kichwa. "Nikamwambia akutafute shuleni. Kaenda, kakuona, karudi, kala, kaondoka kuwahi basi lake."

"Hakusema kitu?" niliuliza.

"Kasema." Bibi aliuvuta ukindu, akaukaza. "Kasema nisikutume popote jioni. Una kazi ya shule."